Kichuguu cha Shule na Miguu ya Angela

Pudensiana alikuwa hamwamini mtu. Ukimpelekea kitambaa akushonee gauni, kabla hajashika futi alikinusa kwanza, akakinyanyua juani kutafuta tundu, akakuuliza umekinunua duka gani, na ukishamjibu akakutazama usoni kuona kama umedanganya. Mchele aliununua baada ya kutafuna punje mbichi. Padre mgeni alipoletwa kigangoni, yeye alihamia benchi la nyuma kabisa ili amchunguze vizuri, na hadi leo hajasema alipata jibu gani. Watu wa Mwamkulu walimcheka kwa hilo, naye alijua wanamcheka. Alijisemea kwamba wao wameshaibiwa kuku mara nyingi, wakati kwake halijapotea hata yai.

Alikuwa Mpimbwe wa Usevya, mjane, fundi cherehani aliyeolewa huku na kubaki huku baada ya mume kufa. Cherehani lake lilikaa barazani, likiutazama mtaa mzima, na hilo lilimfaa kwa kazi na kwa tabia yake pia. Magauni ya harusi siku hizi yalikwenda Mpanda mjini, kwa vijana wanaoonyesha mitindo kwenye simu. Yeye alibakiwa na viraka. Na viraka, jamani, vilikuwa havikauki. Kaptura za wavulana zilikuja zimetoboka makalioni pande zote mbili, utadhani mtoto amekalia jiko. Sketi za wasichana zilikuja pindo limeachia na mshono wa ubavuni uko wazi. Watoto wa Mwamkulu walikuwa wakiteleza kwa makalio kwenye kichuguu kikubwa cha shuleni, na Pudensiana alikuwa akikiombea kichuguu kile maisha marefu.

Mchanaji mkubwa kuliko wote alikuwa wa nyumbani kwake. Angela, mjukuu wake, alikuwa darasa la nne. Mama yake alikuwa Ikola, ziwani, akianika dagaa, na mtoto alikaa na bibi ili asome. Angela alikuwa hatembei. Akitumwa chumvi alikimbia, akitumwa kuni alikimbia, akiitwa kula alikimbia mpaka akapitiliza mlango. Jioni alirudi shuleni mwekundu kwa vumbi toka unywele mpaka ukucha, sketi imechanika, naye anacheka peke yake kwa mambo ya mchana. Bibi alimgombeza kila siku, na kila siku alimshonea, na kwa kweli hapakuwa na kitu alichokipenda duniani kama vumbi lile.

Kiangazi cha mwaka huu kilipoanza, viraka vikakata.

Havikupungua, vilikata. Wiki ikapita, nyingine ikapita, hakuja mzazi na kaptura wala na sketi. Pudensiana alikaa barazani mikono mapajani, akitazama ng'ambo ya barabara. Huko alikaa Épiphanie, ambaye wote walimwita Mama Candide, naye alikuwa fundi cherehani. Épiphanie alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi kabla yeye hajafikiriwa, na uraia alikuwa nao kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa mpole, mchapakazi, na alisalimia kwa kuinama kidogo. Upole huo ndio uliomkera Pudensiana. Mtu hawi mpole hivyo bila sababu, aliwaza. Kanichukulia wateja.

Akabuni safari ya kuomba kiberiti. Alivuka barabara, akapiga hodi, na huku akipokea kiberiti macho yake yakafagia chumba kizima. Cherehani la Épiphanie lilikuwa limefunikwa. Kando yake palikuwa na shuka moja tu iliyokuwa ikisubiri kukunjwa pindo.

"Kazi vipi, Mama Candide?"

"Hakuna kazi, Bibi Angela. Sijui watu wamekuwaje."

Ahaa, akawaza Pudensiana, kazificha chumba cha ndani. Akarudi kwake na kiberiti ambacho hakuwa na haja nacho.

Pengine angeendelea kulalamikia wateja tu, yakaisha, kama si Angela. Mtoto naye alikuwa amebadilika. Alianza kurudi shuleni akiwa safi. Sketi ilitoka asubuhi imepigwa pasi na jioni ilirudi na mikunjo ya pasi ile ile. Hakucheka peke yake. Alitembea pole pole, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu mbele yake akiitazama.

"Leo mmecheza nini?" bibi alimuuliza.

"Hatujacheza."

"Nani kawakataza?"

Angela akapandisha mabega. "Miguu mizito, Bibi."

Pudensiana aliikagua miguu ile kama anavyokagua kitambaa cha mtumba. Aliibonyeza, akatafuta mwiba, akatafuta uvimbe, akainusa. Akampeleka zahanati, na nesi akasema mtoto mzima kabisa, ampe maji na apumzike. Pudensiana hakumwamini nesi. Mtoto mzima anakimbia, alisema moyoni. Huyu kuna mtu kamfanyia kitu. Hofu ikamwingia, hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu asisikie ladha ya chakula. Mama wa mtoto alikuwa mbali, na mtoto alikuwa mikononi mwake. Angela asipokimbia tena, angemwambia nini binti yake?

Sasa, kila siku akitoka shuleni Angela alipitia kwa Épiphanie, maana yeye na Candide walikuwa darasa moja na marafiki wa kufa na kuzikana. Jioni moja Pudensiana alikwenda kumfuata, na alipofika mlangoni akaona kitu ukutani ambacho siku ya kiberiti hakukiona. Kwenye msumari zilining'inia nyuzi mbili, na kila uzi ulikuwa na mafundo. Mmoja ulikuwa mwekundu.

Wakiwa njiani akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Zile nyuzi za nini?"

"Ule mwekundu ni wangu," Angela akasema. "Mama Candide alinizungushia kiunoni akafunga fundo. Akanishusha mguuni akafunga fundo lingine."

Pudensiana akasimama katikati ya barabara.

Hapa inabidi tuseme ukweli: mwanamke huyu alikuwa ameshona tangu usichana wake. Alipaswa kujua kwamba si kila fundi anapima kwa futi na kuandika namba. Huko Katumba wapo waliofundishwa na mama zao kupima kwa uzi, fundo la kwanza kiuno, fundo la pili urefu, na uzi wa kila mteja unatundikwa mpaka nguo iishe. Angejiuliza kidogo tu angelifikia jambo hilo. Lakini macho ya ufundi yalikwisha kufungwa na macho ya wivu. Yeye aliona uzi, akaona fundo la mguuni, akamwona mtoto anayesema miguu mizito. Angela amefungwa miguu, na aliyemfunga ni jirani anayetabasamu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bombani, ambako wanawake wa mtaa huteka maji. Alimvuta pembeni Specioza, ambaye ni mwanamke mwema ila mdomo wake hauna komeo.

"Nakwambia wewe tu, Specioza. Mtoto wangu kafungwa miguu."

"Weee! Na nani?"

"Uzi nimeuona kwa macho yangu. Ng'ambo ya barabara."

Specioza akashika kifua. Na yeye alimwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja akamwambia wake mmoja, na jua lilipofika utosini mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwa siri. Mbaya zaidi, Angela alikuwa nyuma ya bibi yake bombani na kindoo chake, na masikio ya mtoto hayana pazia.

Pudensiana alimkataza Angela kukanyaga kwa Épiphanie. Lakini yeye, kama tulivyosema, hamwamini mtu, na baada ya siku chache akagundua kwamba hata maneno yake mwenyewe anayatilia shaka. Alitaka ushahidi. Akawaza hivi: kama Angela amefungwa na Candide hajafungwa, basi huko shuleni Candide atakuwa anakimbia na Angela amekaa. Nikiona hivyo, yamekwisha.

Akajifunga kanga vizuri, akaenda shuleni, akajificha nyuma ya ua wa minyaa.

Shule ile hakuwa ameikanyaga muda mrefu. Vikao vya wazazi alikuwa haendi, kwa madai kwamba vinaitwa ili watu wachangishwe. Alichungulia kati ya minyaa akitafuta kichuguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa alama ya shule ile, kikubwa kuliko ofisi ya walimu. Hakukiona. Akadhani amekaa vibaya, akasogea. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na bustani ya mviringo yenye maua, imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Uwanja wote wa mbele, uliokuwa vumbi tupu, ulikuwa umepandwa majani ya kijani yaliyopendeza kama zulia, na njia zake zimepangwa mawe meupe. Kibao kilisimama katikati: USIKANYAGE MAJANI. Uwanja wa mpira wa upande wa pili nao ulikuwa umelimwa, alizeti imekauka imesimama kwenye matuta.

Ikagongwa kengele ya mapumziko, ile rimu ya gari. Watoto wakatoka. Pudensiana alisubiri mbio, kelele, purukushani. Hakuna. Kundi moja lilichukua ndoo likaenda kisimani, likarudi limeinamia upande mmoja kwa uzito, likamwagilia majani, likarudi tena kisimani. Waliobaki waliketi kwenye varanda wameegemea ukuta, mstari mrefu, mikono magotini, kama watu wanaosubiri dawa. Mvulana mmoja alirusha teke kwenye kopo, mwalimu akamwita, kopo likaokotwa.

Na kati ya wabeba maji akamwona Angela. Pembeni yake alikuwa Candide, na ndoo yake ilikuwa kubwa kuliko ya Angela. Walirudi na kwenda, na wakarudi tena, na kila walipotua ndoo Candide aliinama akajisugua mashavu ya miguu.

Pudensiana akaona ushahidi wake umemgeuka. Alikuwa bado amechuchumaa pale, hajui hata ameshikilia tawi la mnyaa na utomvu unamchuruzika mkononi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama, umepoteza nini humo?"

Alikuwa Mwalimu Abednego, mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri. Pudensiana alisimama, akajikung'uta, na kwa kuwa aibu yake hugeuka ukali papo hapo, akamvaa.

"Kichuguu kiko wapi? Mmekiuza?"

Mwalimu akacheka. "Kichuguu? Bibi, kile ndicho kile pale." Akaonyesha vyoo vipya nyuma ya madarasa, vya tofali nyekundu. "Udongo wa kichuguu hauna mpinzani kwa tofali. Wazazi walikubaliana kwenye kikao. Mtoto mmoja alivunjika mkono pale, na chini yake palikuwa na nyoka. Watoto walikuwa wakijisaidia porini. Sasa wana vyoo."

"Na alizeti?"

"Mafuta yake tunauza, tunanunua unga wa uji. Nao kikao kilikubali."

"Na majani?"

Mwalimu akajinyoosha kidogo. "Mazingira, mama. Wageni walikuja kutoka mjini wakapiga picha. Tumekuwa wa kwanza katika kata."

"Watoto wanacheza wapi?"

Mwalimu Abednego akafungua mdomo, akautazama uwanja wa mbele, akautazama wa nyuma, akatazama varanda. Pudensiana alimkodolea macho akisubiri uongo, lakini uongo haukuja. "Kwa kweli," mwalimu akasema pole pole, "kila jambo tuliliamua siku yake. Vyoo siku yake, uji siku yake, majani siku yake. Siku ya kucheza haikuwepo. Wala hakuna mzazi aliyeuliza. Wewe ulikuwepo kikaoni?"

Hakuwepo. Alirudi nyumbani akikokota miguu, na utomvu wa minyaa ukimwasha mkono.

Sasa mtu mwingine angevuka barabara moja kwa moja akamwambia jirani yake, nisamehe. Pudensiana alifika mpaka ukingo wa barabara, akamwona Épiphanie akifagia, akageuza. Alijiambia kwamba maneno ya bombani yatakufa yenyewe. Alijiambia kwamba kwanza apatikane uwanja, mtoto akimbie, na mtoto akishakimbia watu wote wataona kwamba hakufungwa, na hapatakuwa na haja ya kusema lolote. Ulikuwa mpango mzuri sana kwa mtu asiyetaka kupiga magoti.

Kwa hiyo alikwenda kikao cha wazazi, mara ya kwanza tangu Angela aanze shule, akaketi mbele, akasimama kabla hajaitwa.

"Nyie wazazi," akasema, "watoto wenu wanarudi safi, mnafurahi. Mimi nashona nguo zenu, najua. Mtoto anayerudi safi kila siku hajacheza. Amekaa ukutani kama mzee wa kiharusi."

Pakazuka ubishi. Wengine walisema anatafuta viraka vyake, na hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana lilimuuma. Wengine walisema uji hauwezi kuachwa kwa ajili ya mpira, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ndipo aliposimama Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyehamia kutoka Meatu, mtu asiyesema sana. Akasema ana kipande cha shamba ng'ambo ya kijito, shule ipande alizeti huko, naye ataleta maksai wasawazishe matuta ya uwanja.

Pudensiana akageuka kumtazama. "Unataka nini? Ng'ombe wako wapite uwanjani?"

"Ng'ombe wana njia yao, mama," Manyanda akajibu bila kukasirika. "Mimi nina watoto wengi wa kiume. Wakikaa kutwa nzima bila kukimbia, wakifika nyumbani wanapigana mpaka wanavunja vyungu vya mama zao. Nimechoka kuamua ugomvi."

Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho jambo likapita. Kuhusu majani ya mbele, Mwalimu Abednego hakukubali yakanyagwe, ila alikubali kumwagilia kuwe zamu ya darasa moja moja, tena kwa madumu madogo. Pudensiana aliondoka akiamini kwamba bado kuna kitu Manyanda anakitafuta. Hakikuonekana mpaka leo.

Alizeti ikavunwa, maksai wakaja, uwanja ukasawazishwa. Wiki ile ile kaptura ya kwanza ikaletwa barazani, imepasuka mshono wa nyuma, mwenyewe amejifunika fulana kwa aibu. Pudensiana aliishika akainusa. Vumbi! Kidogo atoe machozi. Akaacha kazi, akajitanda, akaenda shuleni kumwona Angela akikimbia.

Uwanja ulikuwa umechafuka kwa watoto. Wavulana walikuwa na mpira wa makaratasi, wasichana walikuwa wakicheza rede, wanarukaruka kati ya warushaji wawili, wanapiga kelele za kuziba masikio. Candide alikuwa peke yake karibu na goli, akirusha mawe chini, na kila aliposogelea rede wasichana walisogea upande mwingine. Na Angela alikuwa ameketi pembeni, miguu ameinyoosha mbele yake, sketi safi.

Bibi akachuchumaa karibu naye. "Mbona huchezi? Uwanja si huu?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Zamu ya maji si imepungua? Miguu inauma?"

"Haiumi."

"Sasa?"

Angela akamtazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo analolijua muulizaji. "Si nimefungwa, Bibi? Ulimwambia Mama Specioza. Nikikimbia nitaanguka na mfupa utakatika. Wenzangu wote wanajua."

Pudensiana alimwambia si kweli. Alimwambia lilikuwa kosa, Bibi alikosea. Alimshika mikono akamvuta asimame, na mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima, akalia, akaomba aachwe akae. Bibi akamwacha akae. Alikuwa amezunguka kote akimtafuta aliyeifunga miguu ile, na sasa alikuwa anajua ni nani.

Siku hiyo alivuka barabara.

Épiphanie hakumkaribisha kiti. Alisimama mlangoni na mkasi mkononi, amekonda uso.

"Mama Candide, nimekuja..." Pudensiana akaanza, akaacha, akashika njia nyingine. "Mtoto ananikatalia kukimbia. Anaamini yale maneno. Nakuomba uje umguse, umwambie hujamfunga. Kutoka kwako ataamini."

"Mana yanje!" Épiphanie akasema, kwa Kirundi cha mama yake, akimwita Mungu. Aliingia ndani, akatoka na nguo mbili ndogo za bluu. Zilikuwa bukta, moja imemalizika, nyingine mguu mmoja haujashonwa. "Waliteleza kisimani na ndoo, sketi zikapanda, wavulana wakawacheka. Nikasema niwashonee bukta wavae ndani. Hii ni ya Candide. Hii ni ya kwako. Uzi ulikuwa wa hii."

Pudensiana aliitazama bukta ile na mshono wake ulionyooka.

"Nije nimguse?" Épiphanie akaendelea, na sasa sauti ilipanda. "Nikimgusa leo, kesho akajikwaa kwenye jiwe, utasema nini? Mtaa utasema nini? Unajua siku hizi bombani hakuna anayenitwisha? Nikijaza ndoo wanawake wote wanakuwa na shughuli. Nainyanyua mwenyewe mpaka kichwani, mimi na mgongo wangu. Kuna mtu alirusha jiwe juu ya bati langu. Unajua wanawake wanaosemwa hivi mwisho wao ni nini, Bibi Angela? Unajua kuliko mimi, wewe ni wa hapa."

Pudensiana alijua. Akashika fremu ya mlango.

"Maneno uliyasemea bombani," Épiphanie akasema. "Kayasemee huko huko."

Asubuhi yake bombani palijaa. Pudensiana alifika na ndoo yake na Angela nyuma yake na kindoo. Épiphanie alikuwa tayari amejaza, amesimama kando ya ndoo iliyofurika, anajiandaa kuinama. Pudensiana hakungoja ujasiri umjie, kwa sababu alijua hauji.

"Sikilizeni nyie wote," akasema kwa sauti iliyopasuka. "Nilisema Mama Candide kamfunga mtoto wangu miguu. Si kweli. Nilidanganya. Uzi ule ulikuwa wa kupimia bukta. Watoto walikuwa hawakimbii kwa sababu hawakuwa na pa kukimbilia, na walikuwa wanachoshwa na ndoo. Mimi fundi nimeshindwa kujua uzi wa kupimia. Nimekosa."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye ndoo ya mtu. Kisha Specioza akamsogelea, akamshika bega kwa huruma iliyotoka moyoni kabisa, akanong'ona, ila minong'ono ya Specioza husikika mpaka barabarani:

"Masikini Pude. Na wewe kakufunga mdomo."

Wanawake wakaguna. Mmoja akajikinga uso na kanga. Pudensiana alitaka kupiga kelele, akajizuia, kwa sababu aliona wazi kwamba kila atakachokataa kitahesabiwa kuwa kafungwa zaidi. Aliwajua watu hawa. Angekuwa yeye amesimama pale walipo, naye asingeamini.

Basi akaacha kusema. Akamwendea Épiphanie, akainama, akashika ndoo upande wake. Épiphanie alimtazama kidogo, kisha akashika upande wa pili. Wakainyanyua, mikono yao imegusana kwenye mpini, na Pudensiana akamtwisha vizuri mpaka ndoo ikakaa sawa juu ya kata ya kichwani. Épiphanie akaondoka bila kusema ahsante, shingo imenyooka.

Angela alikuwa ameacha kindoo chake chini. Alikuja akamshika bibi yake kiganja, akakigeuza, akakitazama juu na chini.

"Inauma alipokugusa?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mjukuu wangu."

Mtoto akafikiri. "Kesho utamtwisha tena?"

"Nitamtwisha."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa."

"Basi nitaangalia," Angela akasema, na akaenda kuketi kwenye jiwe, miguu ameikunja chini yake.

Pudensiana alikinga ndoo yake mpaka ikajaa. Akainua macho kutafuta wa kumtwisha. Specioza alikuwa anafunga kanga upya, mwingine alikuwa anaosha ndoo ambayo ilikuwa safi tayari, na wengine walikuwa wanaangalia barabara. Akapiga goti moja, akaipandisha ndoo pajani, kisha kifuani, maji yakimmwagikia, akaifikisha kichwani peke yake.